Mashahidi Wasiguswe

Daktari aliponiambia presha yangu imepanda na vidonge peke yake havitoshi, nitembee, nikimbie, nitoke jasho, nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, jasho linanitoka kila siku. Hakucheka. Aliniambia nitafute kikundi. Ndivyo nilivyoingia kwenye klabu ya jogingi ya mtaani kwetu Nguvumali, mtu mzima wa kuitwa bibi, nimevaa raba za kuazima kwa binti yangu.

Jina la klabu silitaji. Lilikuwa na maneno matatu, mawili ya Kiingereza, na fundi wa kuchapa fulana alikosea moja kati ya hayo mawili. Hakuna aliyegundua mpaka tulipokwisha kuzivaa na kuzungukia mji mzima. Kamati ikakaa kikao cha dharura ikaamua, badala ya kurudisha fulana, jina la klabu libadilishwe lifuate fulana. Siku ile ile ningepaswa kujua nimeingia kwa watu gani.

Kukimbia kwenyewe hakukuwa kwingi. Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tulikusanyika, filimbi ikapulizwa, tukaishika barabara kwa nyimbo: mbele vijana wenye vifua, nyuma sisi wenye vidonge. Nyimbo zilikuwa nyingi kuliko mwendo. Watu waliotoka kununua vitumbua walisimama kututazama, na wanafunzi wangu wa zamani wakanipigia makofi kwa ile huruma anayoonewa mgonjwa siku ya kwanza anapokaa kitandani bila kushikwa. Yaliniudhi makofi yale. Lakini presha ilishuka, na kwa hilo klabu naiomba radhi kwa mengine nitakayoyasema.

Maana balaa lilianza kila tukishafika tulikokuwa tunakwenda. Mwenyekiti wetu, kijana mtanashati aliyehamia Tanga kikazi kutoka bara, alikuwa na imani kwamba mbio zisizo na faida kwa jamii ni kukimbia tu kama mwizi. Kwa hiyo kila mbio zetu ziliishia kwenye wema. Tulikimbia tukapanda miti shuleni kwangu. Mwaka uliofuata tukaipanda tena kwenye mashimo yale yale, kwa sababu ile ya mwanzo haikupata wa kuimwagilia. Kila mtu alikuwa ameshapata picha yake. Mashimo yale sasa yana uzoefu wa kazi kumshinda mwalimu mkuu. Tulikimbia hadi Pongwe tukachimba mtaro wa maji ya mvua, tukaimba, tukaondoka, na mvua ya kwanza ikapita mtaroni vizuri sana, ikaingia jikoni kwa mama mmoja mjane. Tukarudi Pongwe, mbio vile vile, na ndoo na blanketi na unga, tukamkabidhi kama mhanga wa mafuriko. Alitushukuru mpaka akatoa machozi. Picha yake bado iko kwenye kundi letu la simu.

Ninaishi na baba yangu. Kila Jumamosi niliporudi, fulana imenigandia mgongoni, alikuwa ananisubiri na swali lake.

"Leo mmemwokoa nani?"

Mzaliwa wa Tongoni huyu, mzee wa maneno machache na macho yanayofifia. Mama alifariki miaka mingi iliyopita. Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini, baba hupitia makaburini mtaani kwetu, akakaa kando ya mkewe, akamsomea Yasini aliyoihifadhi kwa moyo, kisha akampa habari za wiki. Pembeni ya mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo ilikuwa yake. Akifa mtu mtaani, baba hufika makaburini kabla ya jeneza, anasimama na bakora yake kuhakikisha wachimbaji hawasogei pale. Watu walimtania kwamba analinda kiwanja. Hakukataa. Hana alichokitaka hapa duniani zaidi ya kuja kulala ubavuni kwa mkewe, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha.

Kaburi la mama halina jina. Baba hakupenda maandishi juu ya kaburi. Alisema aliyemchukua anajua alipomweka. Lilikuwa na mawe mawili tu ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni. Kwetu mawe hayo huitwa mashahidi, na baba huyazungumzia kama watu.

Sasa klabu ikapata taarifa kwamba kuna mgeni rasmi, mkubwa mmoja, yuko tayari kuja kutuona siku tutakapofanya jambo la kuonekana. Kamati ikatafuta jambo. Makaburi ya mtaani yalikuwa yameota majani hadi kiunoni na nyoka wamehamia, huo ni ukweli wa Mungu, na hakuna aliyepinga yasafishwe. Mwenyekiti akaja nyumbani kwetu kuomba baraka za wazee. Alivaa fulana ya klabu, amepiga pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

"Mzee, tumekuja na wazo la kuyasafisha makaburi. Siku hiyo tutakuwa na mgeni rasmi."

"Mgeni wa nani?" baba akauliza. "Wa kule ndani?"

Mwenyekiti akacheka kwa heshima, akaeleza. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Fyekeni, fagieni, chomeni taka mtakavyo. Mimi n'na neno moja tu. Mashahidi wasiguswe."

"Mzee, hilo ondoa shaka." Mwenyekiti aliweka mkono kifuani. "Mashahidi tutawatunza kama mboni ya jicho."

Mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia chai. Mimi ninayesahihisha upatanisho wa kisarufi kila siku ya Mungu. Wasiguswe, tutawatunza: sarufi ilikaa sawa pande zote mbili, na wala sikujua kwamba watu wawili wanaweza kupatana kisarufi huku kila mmoja yuko nchi yake. Jioni katibu wetu, binti wa hapa hapa mtaani, akatuma ujumbe kwenye kundi: "Mashahidi wasiguswe. Agizo la wazee." Akatia na alama za mikono ya dua. Nilimsomea baba. Alifurahi, akasema vijana wa siku hizi wana adabu zao, watu huwasingizia tu.

Siku ikafika. Wanaume walipewa makaburi, wanawake tukapewa shule iliyo ng'ambo ya barabara, tupike supu na chapati. Kwetu kazi ya makaburi ni ya wanaume, na mimi sikuwa na ugomvi na hilo. Jembe na jua la Tanga si vitu vya kugombea usawa. Nikiwa jikoni nikawaona wazee wetu wamekalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai pale getini, kila mmoja na chupa yake ya maji baridi, baba katikati yao kama bwana harusi. Vijana wawili walikuwa wamewekwa kuwahudumia, na mtu akipita karibu na panga au reki anaambiwa azunguke kwa mbali. Moyo wangu ulijaa. Nikawaambia wenzangu, jamani, tumewasema sana hawa watoto, lakini tazameni wanavyowaenzi wazee.

Kule ndani kazi ilikuwa inachapwa. Nyimbo zilitufikia hadi kwenye masufuria.

Mgeni rasmi akaja amechelewa, amevaa suti ya michezo ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Akashuka kwenye gari akakimbia kutoka mlango wa gari hadi kwenye utepe, maana walikuwa wamefunga utepe kwenye lango la makaburi, na huko ndiko kukimbia kwake kote. Akakata. Akashika kipaza sauti. Akasema amefarijika kuona eneo limepangika na wakazi wake wametulia, akavitaka vitongoji vingine viige mfano. Mshereheshaji naye asikubali kupitwa, akadakia kuwakaribisha wananchi wote wafike makaburini bila kusita kwani nafasi bado zipo. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, na mwiko mkononi.

Nilivuka barabara na bakuli la supu ya mgeni. Nilipoingia langoni macho yangu kwanza yalifurahi, sitadanganya. Palikuwa peupe. Ardhi imesawazishwa na kupigwa reki kama uwanja wa gwaride, hakuna jani, hakuna kichuguu. Makaburi ya saruji ya wenye uwezo yalisimama yamepakwa rangi upya. Na kutoka langoni hadi mwisho kabisa palikuwa na njia, njia iliyonyooka, na pande zake zote mbili imepambwa kwa mawe meupe yanayong'aa kwa chokaa mbichi.

Katika nchi yetu mahali hapahesabiki kuwa pasafi mpaka pawe na mawe meupe. Nenda ofisi yoyote, zahanati yoyote, shule yoyote. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasimamia watoto wakipaka mawe ya shule siku za wakaguzi. Kwa hiyo nilitazama mistari ile nikaiona ya kawaida kabisa, nikapiga hatua kadhaa, na ndipo nikajiuliza mawe mengi namna ile wameyatoa wapi.

Bakuli la mgeni rasmi likanidondoka. Alipata supu nyingine baadaye, asiye haya.

Baba alikuwa ameshanyanyuka kitini. Aliona ni heri afike kwa mkewe amwambie pamesafishwa. Nilimkuta ameacha njia, anapapasa ardhi kwa bakora, anakwenda mbele, anarudi, anasimama. Aliisikia harufu yangu ya vitunguu, akageuka.

"Mwanangu, nimepotea mimi au wamepotea wao?"

Nilimwendea mwenyekiti nikamvuta fulana mbele ya mgeni wake.

"Mlimwahidi mzee nini nyinyi?"

"Kuhusu nini, mwalimu?"

"Mashahidi!"

"Mashahidi si wale pale?" Alinionyesha viti vya plastiki, na uso wake ulikuwa safi kama wa mtoto. "Wazee waliokuja kushuhudia. Hakuna aliyewagusa hata mmoja, mwalimu. Tumewapa kivuli, tumewapa maji. Hata vumbi hatukutaka liwafikie."

Nilitamani kumzaba kibao. Nilitamani pia kucheka, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Ule utii wao ndio uliotumaliza. Wangekuwa watovu wa adabu, wazee wangeachwa wasimame ndani juani, na wa kwanza kugusa jiwe angetandikwa bakora akome. Lakini kwa kuwatunza kama mboni ya jicho waliwaketisha mbali, wakawapa maji, na baba yangu aliyanywa yale maji huku jiwe la kichwani kwa mkewe linabebwa kwenye toroli nyuma ya mgongo wake.

Katibu alielewa kabla sijamaliza kueleza. Bibi yake mzaa mama yuko mle, naye hana saruji. Simu ilimshuka mkononi taratibu.

"Bibi alikuwa akilitaja hilo neno," akasema. "Mimi nilidhani ni malaika."

Habari zikavuka mtaa. Watu wakaanza kuingia, wengine na pensi zao, wengine na vitenge vya jikoni, kila mmoja anakwenda pale anapodhani, anakuta mwenzake naye anapadhani hapo hapo. Ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la Maramba walianza kugombania upya, safari hii baba yao amelala wapi. Mgeni rasmi alikumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Mwenyekiti, na hapa nampa haki yake, hakukimbia. Akapiga kelele kwamba kuna picha. Klabu yetu haifanyi wema wowote bila picha za kabla na baada, kwa hiyo picha za kabla zitaonyesha kila jiwe lilipokuwa. Simu zote zikatolewa, watu wakajazana juu yake. Tukazitazama moja baada ya nyingine. Mwenyekiti na dole gumba, makaburi nyuma ya kifua chake. Katibu na mdomo wa kubusu, makaburi nyuma ya nywele. Mweka hazina na panga begani. Vijana wamerukia juu kwa pamoja. Kati ya picha zote zile hapakuwa na hata moja ya makaburi. Kulikuwa na kipande kidogo cha jani na kona ya jiwe kwenye kwapa la mtu, na wazee watatu wakalidai jiwe hilo.

Wiki ile haikuwa na mbio. Kamati ilikaa, nami nikaalikwa kama mjumbe wa upande wa waathirika. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuandaa mbio maalumu za kurudisha mashahidi, na washiriki wapewe fulana za rangi nyeupe kuashiria mawe. Nilisema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema. Pendekezo la pili lilikuwa kwamba kila familia ichague mahali inapopenda, zipigwe kura palipogongana. Imamu wetu, aliyeitwa kutuliza mambo, akasema salamu ya makaburini ni ya wote kwa pamoja na dua humfika aliyeombewa, popote alipo. Wengi walitulia kwa maneno hayo, wakaenda nyumbani na nyoyo nyepesi. Mimi sikutulia. Najua dua inafika. Kitu baba alichokitaka kilikuwa upana wa mtu mmoja wa ardhi, na ardhi haifiki kwa dua.

Ijumaa baba alivaa kanzu yake, akaswali, akashika njia yake ile ile. Nilimfuata. Langoni tukawakuta mwenyekiti, katibu na wenzao wachache wamesimama wamejipanga, wamevaa fulana za klabu, nadhani kwa kuwa hawakujua mtu anatakiwa avae nini siku kama ile. Walimwamkia kwa pamoja. Aliwaitikia kwa pamoja.

Hakwenda kwenye uwanja ule uliopigwa reki. Aliinama kwenye jiwe la kwanza la njia, akalipapasa juu, pembeni, chini. Akaliacha, akahamia la pili. Mwenyekiti alitaka kumshika mkono, nikamkataza kwa macho. Jua lilikuwa kali. Baba alikwenda jiwe kwa jiwe, upande mmoja wote, kisha akaugeukia wa pili, na mikono yake ikawa myeupe hadi viwikoni. Nilianza kulia tangu upande wa kwanza. Sikujificha.

Mawe yalikuwa yamebaki machache aliposimamisha mkono. Lilikuwa jiwe la matumbawe, dogo kuliko nilivyolikumbuka, na ubavuni lina kitundu. Alitia dole gumba lake kitunduni, likaingia lote.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu nilimtoa Tongoni mwenyewe kwa baiskeli. Nilikuja nimemshika hivi hivi, njia nzima."

Vijana walishangilia. Mwenyekiti alipiga magoti, akalipakata jiwe kama mtu aliyeokotewa mtoto wake, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Alhamdulillahi, mzee, tumempata! Sasa tuonyeshe tu, tumrudishe wapi?"

Baba aligeuza uso kwenye ule weupe wa ardhi. Akasogeza bakora kidogo kulia, kidogo kushoto, akaisimamisha. Hata sisi tulioona vizuri hatukuona kitu. Kushangilia kukaisha kwenyewe, na nadhani hapo ndipo mwenyekiti alipofahamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, walichokifanya. Alibaki amepiga magoti na jiwe mikononi.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ndogo, "tukusaidieje?"

"Baba, msinisaidie tena," baba akamjibu, kwa upole, bila hasira yoyote.

Nikamshika bega. Nikamwambia tutapaona tu, tutawauliza wachimbaji wa zamani, tutapima kutoka ukutani, nikasema na mengine ambayo nilijua hayana miguu. Aliniacha nimalize. Kisha akalichukua jiwe kwa mwenyekiti, akanipa mimi.

"Lipeleke nyumbani hili, mwanangu, lioshe chokaa. Siku yangu ikifika nizikeni popote mtakapopata nafasi, msigombane na mtu. Mniwekee hili kichwani. Ntamtafuta mwenyewe, na nkipotea, yeye atalijua jiwe lake."